Makamasi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu anatengeneza makamasi. Ndiyo kazi aliyosomea. Yuko kwenye maabara, anachanganya maji, chumvi na unga fulani mpaka yavutike kama ya mtu mwenye homa, halafu wenzake wanayatilia dawa ya kifua waone kama itapenya. Ya wagonjwa wenyewe yana magonjwa, na kila mtu ana yake. Haya ya kutengeneza, ya leo na ya kesho ni sawasawa. Hayo ameniambia mwenyewe nami nimeyashika, ingawa niliishia darasa la tatu. Sokoni Jericho hakuna asiyejua, hata wauza mitumba nimewaambia.

Kilichoniuma ni ile Jumapili ya Donholm.

Bibi yake wa upande wa baba anakaa huko, mwalimu mstaafu, nyumba ina geti. Aliita watu wachache tunywe chai, kumpongeza mtoto. Mtoto akaja na kichupa, akakifungua pale pale karibu na sambusa, akachovya kijiti na kukiinua. Uzi mrefu ukafuata, haukatiki.

"Huo unga mnaoyatengenezea unatoka wapi?" mjomba wake akauliza.

"Kwa tumbo la nguruwe."

Mjomba akairudisha sambusa kwenye sahani. Tukacheka.

Kisha mtoto akasimama kushukuru. "Bila Nyanya singefika hapa. Yeye ndiye alinifundisha kusoma." Nyanya ni huyo wa Donholm. Mimi, bibi mzaa mama, ndiye Shosho. Nikangoja Shosho atajwe. Akashukuru Mungu, akashukuru walimu, akashukuru hata jirani aliyekuwa akimwachia kompyuta, akaketi.

Chai ilinigeuka mdomoni. Wivu ni wivu, sitauita jina lingine. Kusoma alifundishwa akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa kwa nani?

Na yule mama wa Donholm hakutosheka. Akapangusa miwani, akauliza la kisomi: "Sasa mnajuaje kama uzito wake ni sawa?"

"Kuna mashine, Nyanya."

"Mimi ningekuambia bila mashine," nikasema. "Nimeyaonja."

Mjomba akaisukuma sahani mbali zaidi.

"Shosho, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Ulikuwa na miezi minne, pua imeziba, huwezi kunyonya, mama yako ameenda kazi. Nilitia hiyo pua mdomoni nikavuta, nikatema. Asubuhi na jioni. Siku ya kwanza yalikuwa maji tu. Ya tatu yakaja kama kamba. Hiyo chupa yako ni ya siku ya tatu."

Nilidhani nimemwaibisha. Akakiinua kijiti tena, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni kweli," akasema polepole. "Haya tumeyafanya ya ugonjwa uliokaa kaa."

Lakini hakusimama tena kushukuru. Mazungumzo yakahamia kwa bei ya unga wa ugali.

Baadaye nilikuwa jikoni nasuuza vikombe, yule mama akaja akasimama kando yangu.

"Mkwe," akasema, hanitazami. "Wangu niliwavuta makamasi kwa kile kipira cha duka la dawa. Na huyu hukuwahi kuniletea akiwa mgonjwa. Ulikuwa unamleta akipona, amepakwa mafuta."

"Ningekuletea umfanye nini?"

"Hata nimshike tu." Akachukua kitambaa, akapangusa kikombe ambacho kilishakauka. "Yana ladha gani?"

Nikamwangalia. Kumbe na yeye roho ilikuwa inamwuma, tena miaka yote hiyo, na vyeti vyake ukutani. Ningeweza kumwambia mengi. Vile pumzi ilivyofunguka ghafla, na mtoto akashtuka kwa kusikia hewa. Vile alivyolala kifuani pangu akinishika sikio, nikakaa bila kwenda haja mpaka saa sita mchana nisimwamshe.

Nikafunga mfereji.

"Chumvi," nikamwambia.

Akangoja. Nikampa kikombe kingine akipanguse.