Mtunza Duka Aliyetetemeka

Wasomaji wangu mnanijua: hakuna jambo la binadamu linaloweza kunishangaza. Nilianza kukata mkonge Rudewa kabla sijaota ndevu, shule niliishia darasa la pili, na leo nyumba yangu ni ya bati na jozi ya maksai ni yangu. Mtu akiniambia neno, namtazama usoni kwanza. Ndivyo nilivyomtazama, miaka ya mwanzo ya kijiji chetu cha ujamaa, yule mtunza duka la ushirika ambaye juzi nimeletewa habari kwamba amefia Mikumi, kwa binti yake.

Alikuwa mtu mpole, kisha akabadilika. Anakula sana na bado anakonda. Mikono inatetemeka akipima sukari, jasho linamtoka asubuhi ya baridi, macho yamemtoka kama mtu aliyefumaniwa. Ukimuuliza bei ya chumvi anafoka. Ukinyamaza anauliza kwa nini umenyamaza. Nyakati zile tulifundishwa kumfichua mnyonyaji, nasi tukaamini mnyonyaji hujulikana kwa sura. Nikasema mkutanoni, huyu anatuibia. Mali ikahesabiwa, hakikupungua hata kibiriti. Nikasema basi ni mwizi hodari. Wakanipigia makofi, na mwenyekiti akataka familia ile ihame kabla ya palizi, mahindi yao yakiwa bado mafupi.

Mkewe akasimama. Hakunitukana. "Shemeji, mwenzio analia jogoo akiwika," akasema. "Mwizi gani anamlilia jogoo?" Watu wakacheka, nami sipendi kuchekwa. Nikaapa mbele ya wote: daktari akimkuta mgonjwa, watoto wake nitawalisha mimi hadi apone. Na nitampeleka mwenyewe, maana cheti mtu anaweza kukinunua.

Tukapanda treni Kilosa hadi Morogoro. Daktari akampapasa shingo, akampima damu, akaniita. Akanieleza kuna tezi pale kooni inayomwaga maji yake kwenye damu kupita kiasi, na ubongo ukishalewa maji hayo huona hatari kila mahali: jirani akibisha hodi, moyo unakimbia kama amekuja askari. Nikamwambia asinifanye mtoto, hofu inatokana na hatia. Akajibu, "Bwana, hofu yake ni ya kweli. Sababu ndiyo haipo." Nikamuuliza, na hasira yangu mimi je, nitajuaje kama ni yangu au ya tezi? Akacheka. "Hutajua."

Jibu hilo sikulipenda, na mpaka leo silipendi. Ni wangapi tumewafukuza vijijini kwa sababu ya jasho la usoni tu? Yule bwana alimeza vidonge miezi mingi, akarudi dukani ametulia. Mimi sikumwamini hata hapo. Nilikuwa nikienda kumchokoza kwa makusudi nione kama atafoka. Alinitazama tu, akasema, "Karibu, mpelelezi. Leo umekuja kunipima au kununua?"

Watu nawashuku kama zamani, siwafichi. Ila nimeongeza mmoja wa kushukiwa, naye ni mimi, asubuhi ninapoamka na hasira na bado hakuna aliyenikosea. Hapo nanyamaza kwanza, nakunywa uji, nangoja damu itulie ndipo nimhukumu mtu. Anayetaka somo hili nampa bure. Mimi lilinigharimu magunia matano ya mahindi, madebe mawili ya maharage na mbuzi mmoja wa maziwa.