Kipa wetu kwenye foleni ya Kanyaruchinya

Leo nimeandika jina la kipa wetu kwenye orodha ya wakimbizi hapa kambini Kanyaruchinya.

Niliuliza bila kuinua macho, kama kawaida: Kazi?

"Nachezaka handball."

Foleni nzima ikacheka. "Mama, hapa tunacheza na njaa tu!" muzee mmoja akasema.

Nikainua macho. Alikuwa Furaha. Shuleni, mjini Kiwanja, yeye alikaa golini, mimi beki mbele yake. Baadaye alichaguliwa kwenda na timu ya taifa kwenye michezo ya kimataifa. Kisha vita vikatufukuza sote.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika mulimaji, tuendelee."

Nikaandika mkulima. Ndiyo, mimi. Naogopa kupoteza kazi hii.

Furaha hakunilaumu. Aliinama tu, akauliza kwa sauti ya chini: "Leo timu ya taifa inacheza. Uko na mega za internet ku simu?"

Saa ya mapumziko nikampelekea simu hemani. Tukawatazama wasichana wetu huko mbali, na kipa mwingine golini.

Kila mpira uliporushwa, mguu wake wa kushoto ulisogea juu ya mawe meusi ya volkano, mapema kuliko wa yule kwenye simu.

Niliporudi mezani nilifuta "mkulima", nikaandika "kipa". Kesho mkubwa ataiona.

Wenzangu wa Kiwanja, nani bado ana picha ya timu yetu? Yake iliungua pamoja na nyumba.

Ameniomba hiyo tu.