Sultani Azaa Mapacha

Katika bustani ile ya wanyama, mhudumu wa fisi aliitwa Mjuzi. Jina alijipa mwenyewe, na wenzake wakamwachia, maana kubishana naye kulichosha kuliko kufagia vizimba vyote. Kila wanafunzi walipokuja kutembea, alisimama mbele ya wavu, tumbo mbele, fimbo mkononi, akawaonyesha fisi mkubwa mwenye shingo nene.

"Huyo ni Sultani. Dume hasa! Anakula wa kwanza, wengine wanangoja. Na yule mnyonge pembeni, anayeambulia mifupa na kung'atwa masikio, ni mkewe, Bibi Harusi. Mnaona anavyojua nafasi yake? Hawa hawakusoma, lakini nyumba yao imetulia."

Walimu wa kiume waliafiki kwa vichwa. Walimu wa kike walitazama saa.

Mwaka huo cheo cha mkuu wa kitengo cha wanyama wala nyama kilikuwa wazi, na Mjuzi alikitaka mpaka akawa anakiota. Mshindani alikuwa mmoja tu, Mama Ndoo, aliyewabebea fisi hao nyama miaka kumi na miwili, na kila siku akaandika daftarini nani kala, nani anachechemea, nani kamng'ata nani. Mjuzi hakuwa na daftari. Alikuwa na barua ya maombi ya kurasa tatu, zote zikimhusu Sultani: kwamba maumbile yenyewe yameshaamua nani aongoze, na kundi likiachiwa jike litasambaratika.

Wiki moja kabla ya usaili, Mama Ndoo alimfuata.

"Kaka, Sultani ana mimba. Tumtenge."

Mjuzi alicheka mpaka akashika wavu. "Mimba? Dada yangu, lile ni tumbo la ukubwa. Hata mimi ninalo!"

"Lako sijaliandika. Lake ninalo daftarini."

"Na maungo yake ya kiume huyaoni?"

"Nayaona. Fisi hawa majike huko chini wanafanana na madume, na ndio wakubwa wa kundi. Ungeinama ukatazama vizuri, badala ya kuhutubia wageni..."

"Mimi nimchungulie Sultani? Nina heshima zangu!"

Kwa ajili ya heshima hizo, Sultani hakutengwa. Asubuhi ya usaili, mbele ya wanafunzi arobaini, Mjuzi akiwa ndiyo kwanza anatamka "dume hasa", Sultani alijilaza akazaa mapacha. Wanafunzi wakapiga makofi. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Na baba yao ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Bibi Harusi, aliyekuwa amejikunyata pembeni, masikio chini.

Saa sita Mjuzi aliingia kwenye usaili akiwa na jasho na hoja mpya.

"Mkurugenzi, tusichanganye mambo. Wale ni wanyama, sisi ni binadamu. Huwezi kumpima mtu kwa fisi."

"Nakubaliana nawe kabisa," alisema mkurugenzi, akiigeuzageuza ile barua. "Sasa nikiwatoa fisi humu, nabaki na nini?"

Mjuzi alifikiri. "Salamu, mheshimiwa. Na sahihi."

Mama Ndoo aliingia na daftari lake, akatoka na cheo. Kabla ya jioni alikuwa ameshamtenga Sultani na watoto wake, na Mjuzi akapewa ratiba mpya ya usafi, ambayo aliipokea kwa mikono miwili na uso wa msiba.

Jumatatu hakuonekana kwa fisi. Mama Ndoo alimkuta upande wa pili wa bustani, mbele ya kizimba cha nyani, ameinama mpaka shati limetoka kwenye suruali, daftari jipya mkononi.

"Unafanya nini hapa, kaka?"

"Utafiti, mkuu. Yule mwenye manyoya mengi pale mbele, anaonekana ana msimamo."

"Hebu maliza kumtafuta shahidi wako, uje. Vizimba vinanuka."