Kitambaa cha Akiba

Peres alikuwa fundi wa nguo pale Dagoretti Corner, na kilichomkera kuliko vyote duniani kilikuwa kiuno cha Wangeci. Walikuwa wanene wote wawili, wakiimba kwaya moja. Kisha Wangeci, karani wa ofisi mjini, akaanza kupungua. Kila mara alileta sare yake ya kwaya ipunguzwe kiuno, na kila mara Peres alipima huku wivu ukimchoma roho. Hata Nashon, mumewe mwenyewe, alithubutu kusema mdomo umejaa ugali, "Lakini Wangeci amekuwa smart siku hizi."

"Kwani unafanya nini?" Peres alimuuliza Wangeci siku moja akimpima.

"Ni maji moto na ndimu tu, Mama Ivyne."

Muongo mkubwa! Mara ya mwisho Wangeci aliiacha sare mezani, akasema ana haraka, atapiga simu kueleza anachotaka. Hakupiga. Peres akapekua mfuko kabla ya kupiga pasi, akakuta vidonge ndani ya karatasi isiyo na jina. Kumbe ndimu yenyewe ndiyo hii! Desturi ya fundi ni kumrudishia mteja kilicho chake. Peres alimeza viwili papo hapo, amfikie aliyemtangulia.

Kisha akaipunguza nguo bila kungoja maagizo. Fundi mwema huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, maana mwili wa binadamu hauaminiki. Peres alikikata chote. Siku Wangeci atakaponenepa tena, na atembee uchi!

Vidonge vilifanya kazi. Hamu ya chakula ikaisha. Usingizi nao ukaisha, moyo ukawa unamdunda hata akiwa ameketi, na mikono ikaanza kutetemeka. Sindano ya cherehani ikamchoma kidole, yeye aliyeshona tangu usichana wake. Alikifunga kidole, akameza kidonge kingine.

Ndipo Wangeci akaja, ameshikiliwa na dada yake. Tumbo lilikuwa limefura. Ana mimba, Peres akawaza kwa uchungu, hata hapo amenishinda! Kisha akayaona macho, manjano kabisa.

"Mama Ivyne, hiyo sare nilitaka uifungue kiuno. Tumbo imejaa maji. Jumapili wananiombea kanisani, nataka nivae kama wengine. Na zile dawa niliacha kwa mfuko, nipatie. Daktari anataka kujua nilikuwa nameza nini. Anasema zimeniharibu ini."

Peres alimpa nguo. Wangeci akaigeuza, akapapasa mshono akitafuta kitambaa cha akiba. Hakukuwa na kitu. Akainua macho, akamtazama fundi wake.

Peres akaitoa ile karatasi. Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja.

"Zingine ziko wapi?"

Peres aliushika mkono wa Wangeci, akauweka kifuani pake, pale moyo ulipokuwa ukienda mbio.

"Ziko hapa," alisema.