Suruali ya Mwanahistoria

Juzi, kwenye kibanda cha fundi mmoja Mkongo hapa mtaani Marshalltown, nilimkuta mwalimu mstaafu wa Kroatia amejifunga kitenge kiunoni. Huandika vitabu vya safari na historia za mitaa. Kiswahili alikipata alipofundisha Tanzania. Suruali yake ilikuwa imechanika, na saa sita wasomaji wake wangekuwa wakimngoja ukumbini.

Fundi aliyekuwa akiishona akasimamisha cherehani. "Mwalimu, andika kwanza: mtaa huu nilifika mimi kabla ya wote."

"Mwongo!" akadakia muuza mboga wa jirani, akimgeukia fundi. "Papa, si ulinikuta hapa?"

Mwalimu akatazama saa, akaandika: fundi ndiye wa kwanza. Cherehani ikaanza kulia.

"Eish, mwalimu! Na mimi?" akalalamika muuza mboga.

Akamnong'oneza, "Subiri, mama. Nikishavaa suruali nitafanya utafiti upya."

Sasa kila nikisoma historia, hujiuliza mwandishi alikuwa amevaa nini.