Kimya Nilichokikata

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, na siikumbuki kwa furaha. Mahindi yalikuwa yamevunwa, magunia yamepangwa verandani kwetu Kibomet, nami nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Kitale kungoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Kijana aliyesoma na hana la kufanya ni kama fahali aliyefungwa karibu na banda la vyungu. Nilihoji kila kitu. Nilimhoji mchungaji juu ya mahubiri yake, nikamhoji baba kwa nini hapandi kitu kingine ila mahindi, nikazihoji hata methali. Mtu akiniambia haraka haraka haina baraka, nilimuuliza, "Na wazima moto je, nao waende polepole?" Watu walicheka, nami nikadhani wamekubali.

Wakati huo, miaka ya elfu mbili na kitu, kompyuta nyumbani ilikuwa jambo la kuonyesha wageni. Baba yangu, karani mstaafu, aliiweka sebuleni kando ya kabati la vyombo, akaiunganisha na amplifaya yake ya zamani na spika mbili za mbao zenye kimo cha mbuzi. Kisha akapeleka kaseti zake zote mjini kwa kijana mmoja aliyezinakili zikawa mafaili: kwaya za kanisa, rumba za ujana wake, na kitu kimoja kisichokuwa wimbo. Kitu hicho kilikuwa sauti ya babu.

Sisi Wabukusu babu tunamwita kuka, na nyanya tunamwita kukhu. Kuka alikuwa omuseni. Mzee mwenye wajukuu akizikwa kwetu, siku chache baadaye watu hukusanyika, na omuseni husimama katikati yao na fimbo yake. Hutembea huku na huku akiwafariji wafiwa na kuwakumbusha watu walikotoka. Hotuba hiyo ndiyo kumuse. Anaposema, hakuna anayemjibu wala anayekatiza mbele yake. Hata mtoto hubanwa mapajani mwa mama. Mtu fulani alimrekodi kuka kwa redio ya kaseti katika kumuse moja kule Bungoma, upande wa Kanduyi. Kuka alipofariki, ikawa hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyo nayo. Na kaseti yenyewe, muda mfupi baada ya kunakiliwa, redio iliutafuna utepe wake ukawa kama tambi. Likabaki faili moja tu, ndani ya kompyuta ile. Shika hapo.

Kukhu alikuwa anakuja kula Krismasi kwetu. Alikuwa ametuma neno kutoka Kanduyi kwamba hataki zawadi. Anataka kumsikia mzee wake. Baba akaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu mtambo wake ulikuwa na matatizo.

"Wewe si ndiye msomi?" akaniambia. "Angalia hii kitu. Majina ya nyimbo yamepotea, wimbo mmoja unajirudia kama mlevi, na spika inanyamaza katikati, ati kama imekasirika. Kukhu yako asikuje kupata aibu hapa."

"Niachie, baba. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Nilikaa mbele ya skrini. Majina yaliyopotea niliyarudisha, nikisikiliza kila wimbo na kuandika mwimbaji. Nyimbo zilizokuwa mara mbili niliziondoa. Kazi hiyo niliifanya vizuri, mwanangu, na labda ndiyo iliyonivimbisha kichwa; mafanikio madogo ni pombe kali. Dada yangu Nekesa alikuwa akipita na sufuria, akaingiza kichwa mlangoni.

"Niaje, daktari? Mgonjwa atapona ama tuite kwaya?"

"Enda huko jikoni, bana. Hii si ugali."

"Si ugali, lakini nayo inaungua," akasema, akaenda zake akicheka.

Ikabaki ile ya spika kunyamaza. Nililifungua faili la kuka katika programu inayoichora sauti kwenye skrini. Mtu akisema, mchoro hupanda kama vilima. Akinyamaza, huwa mstari uliolala. Katika faili lile nikaona vilima vichache, kisha uwanda mrefu, kisha vilima tena, halafu uwanda mwingine. Nikapiga goti langu kwa furaha. Ugonjwa si huu hapa? Faili limeharibika! Limejaa mapengo!

Sikusikiliza mapengo yale. Kwa nini nisikilize mahali pasipo na kitu? Programu ile ilikuwa na njia ya kukata kila kimya kwa mara moja, na nyingine ya kupangusa mivumo na vishindo vidogo vidogo. Nikazitumia zote mbili. Kompyuta ikaniuliza kama nataka faili jipya likae juu ya lile la zamani. Nikabonyeza ndiyo. Swali lile la mashine, mwanangu, ndilo swali pekee la maana lililoulizwa ndani ya nyumba ile siku ile, na nililijibu bila kulisoma hadi mwisho. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliyehoji dunia nzima sikumuuliza baba swali moja jepesi: inanyamaza kwa kuka tu, au kwa nyimbo zote?

Kukhu alifika, akaombewa na mchungaji kanisani, akarudi nyumbani na kuchinjiwa kuku. Baada ya chakula baba alimweka kwenye kiti kilichotazamana na spika. Kukhu akafunga leso yake vizuri, akakunja mikono, akainama kidogo kama mtu aliyeketi penye kumuse hasa. "Haya," akasema, "fungua hiyo ladio yenu, Wafula. Nimsikie mwenyewe."

Nikafungua. Sauti ya kuka ikatoka safi, nene, bila mvumo. Neno likafuata neno, ukoo ukafuata ukoo, mfululizo, kama mtu anayefukuzwa. Nilimtazama kukhu nikingoja uso wake uchanue. Uso haukuchanua. Alisogea mbele, akageuza sikio moja, kisha jingine.

"Huyu ni nani?"

"Ni kuka, kukhu."

"Hapana." Akasikiliza tena kidogo. "Sauti ni yake. Lakini huyu hapumui."

Hakuna aliyecheka. Na kana kwamba aibu ile haikutosha, spika ikanyamaza katikati ya neno, kama ilivyozoea. Ugonjwa ulikuwa palepale. Nilikimbilia nyuma ya kabati la vyombo, nikijidai natafuta hitilafu, kumbe nauficha uso wangu. Huko nikaona waya wa spika umelaliwa na mguu wa kabati, ngozi yake imechubuka hadi shaba inaonekana. Kila mtu alipopita kwa kishindo sebuleni, waya uligusa na kuachia. Nikainua kabati kidogo, nikauvuta, na kuka akarudi hewani, akisema mbio mbio bila pumzi.

"Funga," kukhu akasema kwa upole. "Amechoka."

Baba hakunipigia kelele. Alingoja hadi kukhu akaenda kupumzika chumbani, akaniuliza nilifanya nini. Nikamweleza yote. "Wafula," akasema, "nilikwambia spika inanyamaza. Sikukwambia mzee ananyamaza vibaya." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilijaribu kutengeneza nilichovunja. Nilichukua faili lile lililokatwa nikaingiza vipande vya kimya kati ya maneno, kila nilipodhani mtu angepumua. Siku mbili tatu kabla ya kukhu kurudi Kanduyi nilimwomba asikilize tena. Alikubali, kwa kunihurumia, naona. Kimya changu cha kwanza kilipofika, alitabasamu.

"Umeweka shimo," akasema.

"Ni kimya, kukhu. Kama kile cha kwanza."

"Kile hakikuwa kitupu, mjukuu wangu. Kulikuwa na fimbo yake ikigonga chini. Kulikuwa na jogoo wa jirani. Watu walikuwa wanavuta kamasi za kilio. Yeye anatembea, sisi tunangoja, na neno alilosema linatuingia. Omuseni akikosa kunyamaza, watu watalia saa ngapi?"

Akatazama mikono yake, na nilidhani amemaliza.

"Na kulikuwa na kikohozi," akasema. "Siku hiyo nilikuwa nimeketi na wanawake, mbele. Tulikuwa tumekosana naye nyumbani asubuhi, kwa jambo la upuuzi tu. Sasa mtu akiwa katika kumuse hawezi kumsemesha mke wake mbele ya umati. Akatembea mpaka nilipokuwa, akasimama, akakohoa kidogo. Hivi." Akakohoa, kidogo sana. "Nikajua tumepatana. Katika maneno yote aliyosema siku ile, yale mengine yalikuwa ya watu. Kile kikohozi ndicho kilikuwa changu."

Nilitafuta kikohozi kile, mwanangu. Niliwaendea waliojua kompyuta kunishinda, wakatikisa vichwa. Niliuliza Kanduyi, na hata kwa yule kijana wa mjini, kama kuna aliyebaki na nakala ya kaseti ile, sikumpata. Maji yakimwagika hayazoleki. Kukhu alirudi kwake, na kila tulipomtembelea alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za kazi, akanipakulia chakula. Lakini hakuomba tena kumsikia mzee wake mpaka alipomfuata kaburini. Ni hilo lililoniuma, na linaniuma bado, angenitukana ningepona. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hiyo sijawahi kuihoji tangu siku hiyo. Mjukuu alikuwa mimi.

Sasa nakuona wewe, na vidole vyako vyepesi kuliko vyangu vya wakati ule, ukibonyeza hiki na kufuta kile katika simu ya mama yako kabla hajamaliza kusema kinachomsumbua. Nakuona ukiinua nyusi sisi wazee tunaponyamaza katikati ya maneno, kana kwamba tumekwama. Sikuambii uache kuhoji. Mimi mwenyewe sikuacha, na wazee wengi wanastahili kuhojiwa. Ila jua kwamba kuhoji na kuuliza si kitu kimoja. Anayehoji ana jibu mfukoni tayari. Anayeuliza amekuja na mkono mtupu.

Ukipewa kitu cha mtu ukirekebishe, kwanza mwulize mwenyewe kinamuuma wapi, na anakipendea nini. Anza na waya kabla ya kugusa sauti. Weka nakala ya kile cha zamani hata kama unakiona kibovu, maana ubovu unaouona wewe huenda ndio uhai anaousikia mwenzako. Na mahali usipoona kitu, usikate. Keti. Sikiliza kwanza, hata kama ni kimya tu.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa mikono, mwanangu. Akupe watu wa kukungoja unapovuta pumzi, na siku ukikosana na umpendaye, akuonyeshe pa kusimama ukohoe kidogo, naye akusikie.