Fundi Kelele na Ngazi ya Watu

Kuna watu wakifika mahali huambiwa karibu, na kuna Fundi Kelele. Yeye akifika, watu husonya. Kazi yake ni kupima ving'ora vya moto kwenye majengo ya mjini, na mji wenyewe unaota maghorofa kama uyoga baada ya mvua. Kila jengo linataka cheti kwamba kengele zake zinalia, na kengele huwezi kuijua mpaka uiache ilie. Ndiyo maana mwanamume huyu mpole, ambaye nyumbani kwake hata mlango haufungi kwa kishindo, amezeeka akipasua watu masikio.

Ana fimbo ndefu na kopo la moshi wa majaribio. Anapulizia kidude cha darini, kidude kinanusa, king'ora kinapiga yowe, naye anatabasamu kama mkunga aliyesikia kichanga kikilia. “Mzima huyu,” husema, kisha huyo, anakwenda kwenye kingine.

Jengo lililomtoa jasho kuliko yote lilikuwa lile lenye kiwanda cha sare za shule, ghorofa ya nne. Msimamizi wa washonaji pale ni dada mkubwa wa mkewe. Mama yule ana mdomo. Ukijisahau anakushona wewe kabla ya kitambaa.

Mwezi mmoja Fundi alifungua stoo ya vitambaa, akainua macho, akakuta kidude cha moshi kimevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa uzi, tena fundo safi la mshonaji.

“Shemeji, hii nini?”

“Kofia. Kilikuwa kinasikia baridi.”

“Shemeji!”

“Usinishemeji hapa. Mvuke wa pasi ukiingia humo kinalia, tunashuka ngazi zote, tunapanda tena, na sare za watoto wa watu hazijaisha. Utakuja kuzishona wewe?”

“Nitaomba wawawekee cha joto, kisichojali mvuke. Lakini huu mfuko unatoka sasa hivi.”

“Utoe. Ukifika chini tu, naurudisha. Mifuko ninayo.”

Ngazi ya Fundi ilikuwa fupi, basi aliazima ndefu ya jengo, akapanda, akakata uzi, akautia mfuko mfukoni. Akakusanya vyombo vyake kwa hasira, harakaharaka, akapakia garini, akaondoka bila kuaga. Huko kazini kwao alipopakua ndipo akagundua kwamba amebeba ngazi ya watu na kuacha yake.

Habari zilienea jengo zima kabla ya jioni. Mlinzi wa getini akampigia simu: “Fundi, tulijua unaiba usingizi wetu. Hatukujua na ngazi unachukua.” Aibu ilimkaa. Akasema ataipeleka kesho. Kesho ikampata kwenye hospitali mpya, keshokutwa kwenye duka kubwa la watu. Mwisho akasema, basi, nitairudisha Jumanne ya kupima.

Jumanne hiyo ilijulikana. Siku zote alipima Jumanne ya kwanza ya mwezi, na washonaji walikuwa wameshaizoea kama wanavyozoea siku ya kufua. Walijiwekea vipande vya kitambaa, wakavisokomeza masikioni tangu asubuhi, wakaendelea na cherehani zao. Vipande hivyo waliviita vizibo vya Fundi. Yeye mwenyewe alivijua, akavicheka. Hakuna aliyeona kwamba pale ndipo palipokuwa na hatari.

Jumanne ikafika. Fundi akaingia getini na ngazi begani.

“Mwizi karudi!” mlinzi akapiga makofi. “Jamani, na ushahidi kaubeba mwenyewe!”

“Cheka tu, mwanangu. Nitie sahihi wapi?”

Kabla hajashika kalamu, king'ora kikalia.

Mlinzi akazidi kucheka. “Hata ngazi hujaiweka chini, umeshaanza!”

“Mimi sijagusa kitu,” Fundi akasema. Akageukia sanduku la kengele ukutani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye alama ya stoo ya ghorofa ya nne. Ngazi ikaanguka sakafuni kwa kishindo. “Piga simu zimamoto. Kisha gonga milango yote ya huku chini. Usicheke tena!”

Akapanda ngazi za jengo mbio, na umri wake ule. Ghorofa ya pili karani alichungulia, akamwambia, “Fundi, fanya upesi, tuna wageni,” akataka kufunga mlango. Fundi akauzuia kwa mguu. “Mlio huu si wangu! Tokeni!” Karani alipomwona jasho na macho yale, akawaita wageni wake.

Ghorofa ya nne ndiyo iliyomkatisha tamaa. Cherehani zilikuwa zinanguruma, wanawake wameinama, vizibo masikioni. Akapiga kelele mpaka sauti ikakwama. Mmoja akamwona, akampungia mkono kwa uchangamfu. Wa pili akamwonyesha sikio lake na kucheka: leo hutuwezi! Fundi akaona kule mwisho, chini ya mlango wa stoo, moshi unatambaa kama maji yaliyomwagika. Na wao wameupa mgongo.

Akaiendea swichi kubwa ya umeme, akaishusha.

Cherehani zote zikanyamaza. Vichwa vyote vikainuka, na matusi yakaanza kumiminika, la shemeji likiwa mbele. Kisha shemeji mwenyewe akatoa kizibo kimoja ili amsikie anavyojitetea.

“Shemeji,” Fundi akasema, “mimi niko hapa mbele yako. Mikono mitupu. Sasa huko chini nani anapima?”

Mama yule alimtazama, akageuka, akaona moshi. Mdomo wake haujawahi kufanya kazi njema kama siku ile. “Toeni vizibo! Inukeni! Acha hiyo sare, utaivaa ukiwa marehemu? Mshike mwenye mimba, yule pale! Ngazi, si lifti!” Aliwahesabu wakipita kama kuku wanaoingia bandani, na wa mwisho kutoka alikuwa yeye, akimsukuma Fundi mbele yake.

Zimamoto walikuta waya uliokuwa umebanwa nyuma ya marobota ndio ulioanzisha moto. Marobota machache yaliungua, ukuta ukawa mweusi. Mtu hakuungua hata ukucha.

Uani, chini ya kibao cha kukusanyikia, Fundi alikaa juu ya ngazi yenye kesi, akihema. Shemeji akaja kukaa kando yake.

“Shemeji,” Fundi akauliza, “ule mfuko hukuurudisha?”

“Nilitaka.”

“Ukaingiwa na huruma.”

“Huruma gani? Ngazi uliyotuachia ni ya kuchumia pilipili! Nilipanda mpaka juu kabisa, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia, sikufika. Ndipo tukaanza kufunga mlango wa stoo, mvuke usiingie.” Akafuta macho kwa pindo la aproni. “Mungu akubariki kwa wizi wako. Siku nyingine ukija, iba tena.”

Wakacheka mpaka zimamoto wakageuka kuwatazama.

Kidude cha joto kimewekwa karibu na pasi, na cha moshi kimebaki stoo, uso wazi. Siku hizi Fundi hana Jumanne yake. Anakuja siku asiyotegemewa, na akipima, kila mtu anashuka mpaka uani. Vizibo alivikusanya mwenyewe. Ngazi ya jengo washonaji wameifunga kitambaa chekundu, eti isichanganywe tena na ya Fundi.

Akishapuliza kopo lake, husimama chini penye ngazi za jengo na kuwasikiliza wakishuka. “Huyu mzee hana kwao?” “Atatuua kwa miguu, si kwa moto!” Na sauti ya shemeji juu ya zote. Fundi huvua kofia, akawashukuru mmoja mmoja kimoyomoyo kwa kila tusi, maana kila tusi lina mtu wake, mzima, anashuka.